Mstari wa Kwenda Mabwebwe

Katika nchi ambayo msomaji hajawahi kufika, na akisema amefika basi huenda alipotea njia, serikali iliamua kwamba mambo yote ya umma yaingizwe kwenye mchoro mmoja. Mchoro huo ulikaa ndani ya programu ya kompyuta, ukaitwa Mchoro Mkuu. Kila wizara ilikuwa kisanduku, kila hospitali kisanduku, kila kisima na kila mtumishi wa serikali kisanduku. Baina ya visanduku ilipita mistari, na mistari ndiyo iliyosema nani ampelekee nani kitu gani. Bunge, ambalo nalo lilikuwa kisanduku, lilipitisha sheria yenye kifungu kimoja: kilichomo kwenye Mchoro ndicho kilichopo, na kitu kitapita pale tu mstari unapopita. Wabunge walipiga makofi kwa dakika kumi na moja. Ilikuwa sheria ya kwanza waliyoisoma yote.

Mchoro ulitunzwa na Wizara ya Mistari na Mwonekano, na katika chumba namba tisa cha wizara hiyo aliketi mwanamke aitwaye Mwasiti Lugendo, Mchora Mistari Daraja la Tatu. Alikuwa na miaka kumi na moja kazini na alishughulikia mistari ya afya. Wenzake waliridhika visanduku vikigusana tu. Mwasiti alikuwa na tabia, ambayo wakubwa waliiona kama ugonjwa, ya kwenda kutazama kwa macho yake mahali anapopachora. Ndiyo maana alijua kwamba kutoka Ghala Kuu la Dawa hadi Zahanati ya Mabwebwe ni mwendo wa saa mbili kwa gari, barabara ya changarawe, unavuka mito miwili midogo. Akachora mstari mmoja wa mshazari, umenyooka kama uzi uliovutwa.

Muuguzi wa Mabwebwe alikuwa dada yake, Sikitu. Lakini hata angekuwa adui yake, mstari ungekuwa ule ule. Watu wa Mabwebwe hulima ufuta, na wakati wa kuvuna ufuta swila hutoka mashimoni. Dawa ya sumu ya nyoka hutaka friji, na umeme wa Mabwebwe huja kama mgeni, haukai. Kwa hiyo kila akiumwa mtu, Sikitu alipiga simu, gari likatoka Ghalani, na mgonjwa akapona. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na moja, na kwa sababu yalikwenda vizuri hakuna mkubwa aliyeyajua.

Mkasa ulianza Siku ya Maadhimisho. Mtukufu Kiongozi alioneshwa Mchoro Mkuu kwenye skrini yenye ukubwa wa ukuta. Akautazama, akajikuna kidevu, akasema, "Mbona kama tambi?"

Hakusema zaidi ya hapo. Inawezekana alikuwa na njaa. Lakini asubuhi iliyofuata Waziri wa Mistari na Mwonekano, Mheshimiwa Dakta Bwanaheri Mzingo, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliwaita wachoraji wote ukumbini.

"Ndugu watumishi," alianza, "jana taifa limetukanwa, na waliolitukana ni sisi wenyewe. Mtukufu ameona tambi! Nami nimeichunguza programu yenu, nikakuta ukurasa ambao mmeupuuza miaka yote. Ukurasa huo unaitwa Mapendeleo."

Ukumbi ulinong'ona. Neno hilo watumishi walilijua tangu walipoomba kazi; hawakujua tu kwamba siku hizi limepewa ukurasa wake.

"Hapa," Waziri aliendelea, huku fimbo yake ikigonga skrini, "mtu anachagua mtindo wa mstari. Moja kwa Moja. Mviringo. Kona Nyoofu. Ninyi mkachagua Moja kwa Moja! Mstari wa mshazari unakwenda wapi? Unakwenda unakotaka. Leo mstari, kesho raia! Kuanzia sasa ni kona nyoofu peke yake. Mstari usikatize mstari mwingine. Na mstari wowote usipite juu ya kisanduku cha Mtukufu, wala pembeni yake kwa upana wa vidole vitatu. Kisanduku hicho kitakuzwa mara arobaini, kwa kuwa Mtukufu ni mtumishi wa watu na watu wana haki ya kumwona mtumishi wao."

Makofi. Mwasiti akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, programu ina kitu kinaitwa kidaraja. Mistari miwili ikikutana, mmoja unapanda kidogo, unauruka mwenzake, unaendelea na safari. Tukikiwasha hicho..."

"Kuruka mwenzake?" Waziri alimkazia macho. "Bi. Lugendo, ndivyo mlivyolelewa kwenu? Kurukana kama mbuzi?"

Watu walicheka, hasa wale waliokuwa wakingojea kupandishwa daraja.

"Na magari, Mheshimiwa? Sheria inasema kitu kinapita mstari unapopita. Mstari ukizunguka, gari nalo litazunguka."

"Gari lina magurudumu," alisema Waziri, "na gurudumu ni duara. Kuzunguka ndiyo kazi yake."

Waliokuwa hawajacheka mara ya kwanza wakapata nafasi.

Basi Mwasiti akarudi chumba namba tisa, Katibu Mkuu amesimama nyuma ya kiti chake, akaweka alama ya tiki kwenye Kona Nyoofu, akaweka nyingine kwenye Epuka Visanduku, akabonyeza Panga Upya. Mistari ilikimbia kwenye skrini kama panya waliowashiwa taa. Ilipotulia, mstari wa Mabwebwe ulikuwa umepanda juu, umepita Bodi ya Mbolea, umekwenda Chuo cha Itifaki, umeteremka hadi Idara ya Mapazia ya Serikali, umezunguka mgongo mzima wa Mtukufu, na kufika Mabwebwe kwa upande wa nyuma. Visanduku kumi na saba, kona ishirini na nne. Katika kila kisanduku dereva alitakiwa kushuka, kusalimia na kupigiwa mhuri.

"Umependeza," alisema Katibu Mkuu.

Na kweli ulikuwa umependeza. Mwasiti mwenyewe aliuona umependeza, na hilo baadaye lilimla moyo kuliko mengine yote.

Wiki tatu hazikupita, simu ikalia asubuhi.

"Mwasi, mdogo wangu, sikiliza," ilikuwa sauti ya Sikitu. "Nina mama hapa, Debora Nyakunga. Swila kamgonga kwenye kifundo cha mguu, alikuwa anafunga matita ya ufuta. Gari limetoka?"

"Linatoka sasa hivi, dada."

"Nimemwambia mume wake saa mbili. Nisiwe mwongo."

Gari lilitoka Ghalani baada ya robo saa. Mwasiti aliliona kwenye skrini, kitone kidogo cha njano, kikipanda juu, kikikata kona, kikisimama. Saa sita kilikuwa Bodi ya Mbolea. Saa saba kilikuwa Idara ya Mapazia, na pale kikaganda, kwa sababu mwenye mhuri alikuwa amekwenda kupima madirisha. Mwasiti akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kuna mgonjwa Mabwebwe anakufa."

"Ana kisanduku?"

"Ni mkulima. Wakulima hawana visanduku."

"Basi unanieleza habari za kitu ambacho hakipo."

"Yupo, Mheshimiwa. Anapumua kwa shida, lakini yupo. Ruhusu gari likate moja kwa moja. Leo tu. Naomba."

Waziri aliweka kikombe chini taratibu. "Moja kwa moja, juu ya nani? Unataka gari limpitie Mtukufu tumboni, kwa ajili ya mguu wa mtu asiye na kisanduku?"

Debora Nyakunga alifariki saa kumi alasiri. Gari lilifika Mabwebwe siku ya tisa, dereva amefuga ndevu, dawa ina joto kama chai. Hati ya mapokezi ilikuwa na nafasi ya neno moja tu, na neno lenyewe lilikwisha kuchapwa: Salama.

Mwasiti alikwenda kwenye mazishi. Baada ya watu kutawanyika, mume wa marehemu, fundi baiskeli aitwaye Gaudensi, alimfuata akasimama mbele yake. Hakuwa akilia.

"Nesi anasema wewe ndiye unayechora."

"Ni mimi."

"Mimi nina pikipiki," alisema Gaudensi. "Siku ile ilikuwa imejaa mafuta. Ningekwenda Ghalani na kurudi kabla ya saa nane. Nikaambiwa nikifika pale nitakamatwa, maana hakuna mstari wangu. Nikakaa nimemshika mkono, pikipiki iko nje naiona kupitia dirishani. Ungenichorea mstari, mama. Hata mwembamba."

Mwasiti alirudi mjini amekaa wima kwenye kiti cha basi, meno ameyauma, na kila alipofumba macho aliona kidole chake mwenyewe kikibonyeza Panga Upya. Hasira ilikuwa juu ya Waziri, lakini sehemu ilikuwa juu yake mwenyewe, na ile sehemu yake ndiyo iliyokuwa haitulii.

Mezani alikuta barua. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameguswa sana na tukio la Mabwebwe na amelipatia ufumbuzi wa kudumu. Kwa kuwa mstari wa Mabwebwe una kona nyingi na unachafua mandhari, Zahanati ya Mabwebwe pamoja na wote wanaoitegemea iondolewe tiki kwenye orodha ya Vinavyoonekana. Zahanati isiyoonekana haina mstari, na isiyo na mstari haicheleweshewi dawa. Bi. Lugendo atatekeleza Jumatatu, mbele ya Baraza la Mawaziri, ili wajifunze.

Jumatatu Baraza likaketi. Mtukufu alikuwa kwenye kiti chake, na kisanduku chake kwenye skrini kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wizara tatu zilikuwa zimesogezwa hadi ukingoni. Waziri Mzingo alihutubia nusu saa juu ya utulivu wa macho ya taifa, kisha akamwashiria Mwasiti.

Mwasiti akafungua Mapendeleo. Akaondoa tiki kwenye Epuka Visanduku. Akachagua Moja kwa Moja. Akabonyeza.

Mstari mmoja mwembamba ulitoka Ghala Kuu la Dawa, ukaingia kwenye kisanduku cha Mtukufu chini ya mbavu, ukatokea upande wa pili, ukafika Mabwebwe.

Mtukufu mwenyewe alishika tumbo.

"Ni saa mbili," alisema Mwasiti. "Saa mbili kwa gari! Mama Debora alingoja kwa muda wa saa saba, akafa, na dawa ilikuwa Idara ya Mapazia. Mstari ni huu. Haujawahi kuwa mwingine."

Walinzi walimtoa akiwa hagusi sakafu.

Ilibaki kazi ya kumwadhibu. Jela ilipendekezwa, ikakataliwa: mfungwa huunganishwa na Magereza kwa mstari, na mstari huo ungekatiza wa Bodi ya Korosho. Kumfukuza nako kungehitaji kisanduku kipya cha Waliofukuzwa, na nafasi ilikuwa imekwisha, Mtukufu ameijaza. Waziri Mzingo ndiye aliyepata jibu. Mwasiti Lugendo afichwe. Aondolewe tiki, pamoja na Mabwebwe yake. Tangazo likasomwa katika ofisi zote: mtumishi yeyote wa serikali haruhusiwi kumwona, kumsikia, kumsalimia, kumjibu wala kumzuia mfichwa, kwa kuwa kumzuia mtu ni kukiri kwamba yupo.

Siku ya kwanza Mwasiti alidhani ni mzaha. Alimsalimia bawabu, bawabu akatazama mawingu. Aliingia chumba namba tisa, wenzake wakainama kwenye kompyuta zao kama watu wanaotafuta sindano. Mmoja, aliyekula naye chakula cha mchana miaka sita, alitokwa na machozi lakini hakugeuza shingo. Mwasiti alikaa kwenye kiti chake hadi saa tano. Kisha akainuka, akapanda ngazi, akafungua mlango wa Waziri bila kubisha, akaketi.

Waziri alikuwa akinywa chai. Kikombe kikasimama hewani.

"Chai nzuri?" aliuliza Mwasiti.

Waziri alitazama ukuta.

"Jina lake Debora Nyakunga," alisema Mwasiti. "Ana watoto watatu. Nitakuja kila siku nikwambie, na wewe utakaa hapo hapo usinisikie. Ulimuua kwa kona, Bwanaheri. Hukumchukia, hukumjua, hukuwa hata na haja naye. Ulitaka ukuta upendeze! Na mimi nilikushikia rula. Mimi nitalibeba kosa langu mpaka kaburini. Wewe lako umemwachia nani? Ukuta?"

Jasho lilimtiririka Waziri hadi kwenye kola. Akabonyeza kengele, Katibu Mkuu akaingia, na wote wawili wakabaki wamesimama, wakizungumza kwa sauti kubwa juu ya hali ya hewa, huku Mwasiti akinywa chai iliyobaki kwenye birika.

Aliendelea hivyo siku nne. Siku ya tano, asubuhi, simu yake ililia akiwa pale pale ofisini.

"Mwasi," alisema Sikitu, na pumzi zilikuwa juu juu, "wawili leo. Bibi Mwanaisha na mkwe wake, shamba moja, nyoka mmoja. Najua hakuna gari. Nimekupigia tu nisiwe peke yangu."

Mwasiti alimtazama Waziri. Waziri alitazama ukuta. Na hapo hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji, Mwasiti akaelewa sheria.

"Dada, Gaudensi yuko karibu? Mwambie awashe pikipiki, aje barabara ya changarawe, tukutane njiani."

"Watamkamata!"

"Hawawezi. Mmefichwa, dada, nyote! Asiyeonekana anakamatwaje?"

Aliinuka, akachukua funguo za gari la Waziri zilizokuwa mezani, akazining'iniza mbele ya pua ya mwenyewe.

"Nachukua gari lako," alisema.

Midomo ya Waziri ilifunguka. Ikafunga. Ikafunguka tena, na kilichotoka ni, "Naona mvua itanyesha."

Gari jeusi lenye bendera lilifika Ghala Kuu la Dawa kabla ya saa nne. Walinzi wawili walisimama getini na bunduki, wakatazamana, kisha mmoja akainua kizuizi na kumweleza mwenzake kwamba leo upepo una nguvu. Mtunza ghala, mama mnene aitwaye Bi. Fidea, alikuwa kwenye meza yake. Mwasiti alipomkaribia na kusema wawili wameumwa na nyoka Mabwebwe, Bi. Fidea akageukia kalenda ya ukutani na kuanza kuongea nayo.

"Ee kalenda," alisema, "kama kungekuwa na mtu hapa, na hakuna, ningemwambia dawa ya nyoka iko friji la tatu, rafu ya chini. Na asiibebe hivi hivi, ataiharibu. Kasha la barafu liko nyuma ya mlango. Achukue chupa nane, kwa watu wawili nne nne hazitoshi, lakini ndizo zilizobaki." Akafuta macho kwa kanga. "Kuna siku niliipakia, ikarudi na habari ya msiba. Kalenda wewe hujui maumivu yake."

Mwasiti aliendesha kama hajawahi kuendesha. Mto wa kwanza aliuvuka. Wa pili ulimshinda: gari la Waziri lilitengenezwa kwa ajili ya zulia, likazama matope hadi kwenye milango, bendera ikilala juu ya maji. Alitoka amebeba kasha kichwani, akavuka kwa miguu, sketi imelowa, na ng'ambo akamkuta Gaudensi amesimama kando ya pikipiki, injini inanguruma.

Hawakusalimiana. Gaudensi alipokea kasha, akalifunga nyuma kwa mpira wa baiskeli, mara mbili, akavuta kuona kama limekaza. Kisha akaondoka kwa mwendo ambao Mwasiti hakuthubutu kuutazama.

Bibi Mwanaisha alipona. Mkwe wake alipona pia, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mwasiti alifika Mabwebwe kwa miguu alasiri, akamkuta Gaudensi ameketi chini nje ya zahanati, ameegemea gurudumu la pikipiki, analia kwa sauti kama mtoto. Akaketi karibu yake. Hakumwambia anyamaze.

Mjini, Baraza liliitishwa kwa dharura. Dawa za serikali zimetoweka, na gari lenye bendera limekutwa mtoni. Mkuu wa Polisi alisema yuko tayari kumkamata mhalifu endapo ataonyeshwa. Na hapo ndipo tatizo lilipotokea, kwa sababu programu ilikuwa na tiki moja tu ya Onyesha Vilivyofichwa, na tiki hiyo haichagui. Ingemwonyesha Mwasiti, ndiyo. Lakini ingeonyesha pia jumba la Waziri Mzingo kwenye kisiwa, na mgodi wa shemeji yake Mtukufu, na vijiji vitatu vilivyokuwa chini ya bwawa la Mtukufu la kuogelea. Mawaziri walitazamana. Kila mmoja alikuwa na kitu chake chini ya tiki ile.

Taarifa rasmi ilisema kwamba dawa zimepotea kwa uvukizi, na kwamba gari limekwenda mtoni lenyewe, kwa kupenda maji. Waziri Mzingo alipewa nishani kwa uvumilivu.

Mwasiti akabaki Mabwebwe, anaishi kwa dada yake. Mara mbili kwa wiki alikwenda Ghalani nyuma ya pikipiki ya Gaudensi, na walinzi walizungumza juu ya upepo. Msimu ule wa ufuta hakufa mtu mwingine.

Asubuhi moja ya Alhamisi alitoka nje kumwaga maji, akakuta watu uani. Walikuwa wengi, wamejaa hadi barabarani, wengine miguu imevimba kwa mwendo. Mbele alisimama mwanamume mwembamba mwenye koti la suti lililochakaa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni mwalimu. Shule yetu ilifichwa mwaka juzi, ilikuwa inaharibu mandhari ya uwanja wa gofu. Vitabu vyetu viko Ghala la Elimu, tunaviona dirishani. Hawa nyuma yangu kisima chao kilifichwa. Wale kule ni kijiji kizima."

"Marahaba, mwalimu. Mmefichwa kwa mdomo au kwa barua?"

"Kwa barua. Ina mhuri."

Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Mwasiti akajifuta mikono, akaisoma yote, taratibu, kuanzia juu hadi saini. Kisha akamrudishia.

"Mna lori?" aliuliza.